Mwanafunzi akiuliza mtandaoni, nani anamjibu?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu lawama inayorudiwa kila kikao cha elimu hapa Mtwara, kwamba wanafunzi wetu hawana hamasa ya kusoma mtandaoni. Nafundisha sekondari Masasi, na lawama hiyo siikubali.

Tangu shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, majukwaa ya masomo yameongezeka. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada mtandaoni, na kuvisoma ni bure. Bando si bure, na shuleni simu hairuhusiwi, kwa hiyo mtoto husubiri simu ya mama likizo. Hata hivyo wanaingia. Minada ya korosho ikianza Oktoba na fedha ikaonekana nyumbani, huja kuniambia wamejisajili. Baada ya muda wameacha.

Nikiwauliza kulikoni, jibu ni lilelile: "Mwalimu, niliuliza swali la hesabu, sikujibiwa." Wengine walimaliza mada nzima, lakini darasani hakuna aliyetaka kujua walichosoma, wala hawakupata alama hata moja. Mtoto aliyeazimwa simu kwa saa moja ataitumia pale anapoona faida. Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani, Fred Davis, alichunguza kinachowafanya watu wakubali programu za kompyuta, akakuta manufaa yana uzito kuliko urahisi wa kuzitumia. Sisi tunahangaikia urahisi tu: nywila, kompyuta mpya, semina ya siku moja.

Nawaomba maofisa elimu wa Mtwara na Lindi wamtengee mwalimu vipindi vya kujibu maswali ya mtandaoni, tena kwenye ratiba rasmi, na wampe bando la kazi hiyo. Leo anayejibu hujibu usiku kwa fedha yake. Akichoka akaacha, simlaumu. Zoezi la jukwaani nalo liingie katika alama za muhula. Na chumba cha kompyuta kifunguliwe jioni! Kikifungwa kufuli mpaka aje mgeni kutoka wilayani, watoto wataaminije kwamba kompyuta zile ni zao?

Tuanze Januari na kidato cha tatu, watakaokuwa na karibu miaka miwili kabla ya mtihani wa taifa wa kidato cha nne.

Mwalimu wa sekondari,
Masasi, Mtwara