Tuchague nini, na huku tunalipa kote kote?

Ndugu Mhariri,

Miaka yote nalisoma gazeti lako na kulikunja kimya kimya, lakini ile habari yenu ya wiki iliyopita imenichefua. Eti sisi tunaokatwa bima ya afya tuachiwe tuchague kutibiwa Serikalini au hospitali binafsi, na hela yetu itufuate huko huko. Wazo lenyewe si baya. Kinachoniudhi ni kuzungumza kana kwamba hospitali zinatugombania.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kila mwezi nakatwa asilimia 3 ya mshahara kabla sijauona, na mwajiri anaongeza 3 nyingine. Mama yangu naishi naye hapa Mikanjuni na nimemwandikisha kwenye kadi. Machi 2024, zile siku hospitali kadhaa binafsi ziligomea kadi za bima kwa sababu ya kitita kipya, yaani orodha ya bei ambazo bima inazilipa hospitali, nilimpeleka kliniki yake ya presha kwenye hospitali moja binafsi hapa mjini. Binti wa dirishani akaigeuza kadi huku na huku, akasema kwa adabu zake zote, "Mwalimu, hii kwa sasa hatupokei, labda ulipe keshi." Haya, tukaenda ya Serikali. Daktari sina neno naye, alimpima vizuri, akaandika dawa tatu. Dirisha la dawa wakazungushia mbili kwa kalamu nyekundu: hizi hazipo, kanunue nje. Nikapewa fomu ya duka lenye mkataba na bima. Nao hawana, nipite wiki ijayo. Presha ya bibi wa miaka sabini na kitu inasubiri wiki ijayo? Nikachomoa hela ya sare za mtoto, nikanunua duka la pili yake. Hebu niambie, Mhariri, siku ile nilichagua nini? Kodi nimekatwa, bima nimekatwa, na dawa nimenunua. Na hapa ni Tanga mjini! Mwenzangu anayefundisha kijijini huko Mkinga akiambiwa achague, achague kati ya zahanati na nini, mwembe?

Mama anatucheka. Yeye wadogo zangu aliwazaa wakati hospitali binafsi za biashara zimepigwa marufuku, maana zilifungiwa 1977 mpaka sheria ilipolegezwa 1991, na kuchangia matibabu kulikuwa bado, kulikuja 1993. Nikimbana anakiri kwamba hata hizo dawa za bure miaka ya themanini zilikuwa za kubahatisha. Lakini angalau hakuna aliyemkata mshahara kwa dawa ambayo haipo.

Halafu kuna hili la baiskeli. Tanga hii, mji wa baiskeli, unafika getini hospitali mlinzi anakuambia baiskeli hairuhusiwi, ifunge nje kwenye nguzo. Magari yanapita. Kwani mwenye baiskeli hakatwi?

Kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inatutaka sote tuingie, nina ombi moja. Kila dirisha la dawa likijibu "haipo", lipige muhuri kwenye cheti cha dawa na kuandika bei. Mwisho wa mwezi nikipeleke cheti kwa mwajiri, kiasi hicho kitolewe kwenye makato yangu. Wino wa muhuri nitanunua mimi, nimeshazoea.

Mwalimu,
Mikanjuni, Tanga