Kipande cha msituni kipimwe kwa mapigo ya moyo

Ndugu Mhariri,

Katika mashamba ya miti, kuanzia misindano ya Sao Hill hadi mitiki ya Longuza kule Muheza, kipande, yaani kiasi cha kazi anachopewa kibarua kwa siku, hupangwa kwa idadi ya miti au meta za ujazo. Hesabu hiyo haisemi kazi imemchosha mkataji kiasi gani. Mapigo ya moyo husema, na kinachohitajika ni saa yenye sekunde, karatasi na kalamu.

Anza na mapigo ya utulivu: asubuhi, mtu ameketi dakika 10, hajavuta sigara wala kunywa kahawa. Hapa ndipo wengi huharibu. Aliyetoka kupanda mlima na chenso (msumeno wa injini) begani akipimwa papo hapo, utulivu wake utasomeka juu na kazi nzito itaonekana nyepesi. Mwenye homa asipimwe siku hiyo.

Toa umri kwenye 220 upate kilele cha mapigo; toa utulivu kwenye kilele upate akiba. Wa miaka 40 mwenye utulivu wa 65 ana kilele cha 180, kwa hiyo akiba ya 115. Kwa zamu inayodumu saa nane, wastani wa mapigo kazini usipite utulivu kwa zaidi ya asilimia 40 ya akiba: 65 kujumlisha 46, yaani 111 kwa dakika. Kanuni ya 220 ni makadirio na huweza kukosea mapigo 10 au zaidi, hivyo pimeni watu kadhaa.

Akizima msumeno, aketi. Hesabu mapigo ya sekunde 30 za mwisho za dakika ya kwanza, ya pili na ya tatu, kila moja zidisha kwa mbili. Ya kwanza ikizidi 110, na kufikia ya tatu hayajashuka hata 10, mzigo umemzidi.

Wastani wa siku nzima hudanganya sana, kwa sababu saa za kusubiri lori hufunika dakika za kupakia magogo kwa mabega. Andikeni kuangusha, kupunguza matawi, kukata gogo vipande na kupakia kila kimoja peke yake. Joto la Muheza pia hupandisha mapigo bila kazi kuongezeka, liandikwe pembeni. Mgongo uliopinda hauonekani kwenye mapigo, huo uangaliwe kwa macho.

Upakiaji ukionekana umezidi, waongezwe watu na bei ya kila meta ipandishwe. Kupunguza kipande bila kugusa bei ni kumkata kibarua ujira, naye atarudi kukimbiza kazi vilevile.

Msomaji,
Mafinga