Mjomba, pawatila yako sikuiuza

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu jambo lenyewe si letu peke yetu. Huku kwetu Mbarali, kuanzia Igurusi mpaka Ubaruku, ukichungulia nyuma ya nyumba za watu utazikuta pawatila, vile vitrekta vya kusukuma kwa mikono, zimelala chini ya miembe, na kila mwenye nayo atakwambia maneno yale yale uliyoniambia wewe kwenye simu mwezi wa sita: "Imechoka hiyo, waite watu wa vyuma chakavu waipime." Naomba radhi, Mjomba. Sikuwaita. Injini nimeifungua yote, na nilichokikuta ndani ndicho kimenifanya nikae chini kuandika. Haikuchoka ile. Ililishwa vumbi.

Uliinunua mwaka 2010, mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza ukiwa umetangazwa mwaka mmoja kabla na pawatila zikizungumzwa kwenye kila redio. Kibati cha injini yake bado kinasomeka: aina ya S195, nguvu farasi 12, mizunguko 2000 kwa dakika. Ilichavanga, yaani ilivuruga tope la majaruba yetu na ya majirani, na mpunga ukishavunwa ikafungwa tela kubeba magunia. Kwenye tope haikuumia. Iliumia kwenye tela, barabara ya mwezi wa nane, ile ambayo gari likipita mbele yako husubiri kidogo kabla ya kuona njia tena.

Chujio la hewa halikuwepo. Mama anakumbuka kwamba fundi mmoja alilitoa ili injini "ipumue", maana ilishaanza kukosa nguvu. Chujio lile lina bakuli kwa chini linalotiwa oili. Hewa inapita hapo kwanza, vumbi linanasa, ndipo hewa safi inaingia kwenye silinda. Lilikuwa limeziba tu. Lilitaka kuoshwa kwa dizeli na kutiwa oili mpya, kazi isiyofika nusu saa. Likatupwa, na tangu siku hiyo kila pistoni ilipovuta hewa ilivuta na vumbi la Usangu. Vumbi likichanganyika na oili linakuwa sawasawa na ile dawa tunayosagia valvu, ila safari hii linasaga kila kitu.

Tuliishusha watu wanne, maana injini peke yake ni kama kilo 140. Hendeli ya kuzungushia injini niliazima kwa jirani, ya kwako sikuiona kwenye kisanduku. Nilipotoa silinda hedi na kupitisha kidole ndani ya laina, ile bomba ya chuma ambamo pistoni inakwenda na kurudi, nilikuta ngazi pale juu, mahali ringi ya kwanza ya pistoni inapogeukia. Laina nzima inatakiwa iwe sawa, bila ngazi yoyote.

Hapa nataka uone kwa macho yako nilivyopima, kwa sababu najua utauliza. Sikuwa na kipimo cha ndani cha silinda. Nilichukua ringi ya kwanza, nikaiingiza yenyewe chini kabisa ya laina, mahali ringi hazifiki, kwa hiyo hapo chuma bado ni kipana kama kilivyotoka kiwandani, milimita 95. Nikapima uwazi wa ncha zake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi: milimita 1.3. Nikaipandisha pale juu kwenye ngazi, nikapima tena: 2.9. Ringi ni ile ile, kwa hiyo tofauti ya 1.6 ni ya mzingo wa laina. Gawa kwa 3.14 upate kipenyo, unaona laina imepanuka nusu milimita. Injini hii inabana hewa kama mara 20 mpaka ipate moto wa kuwasha dizeli bila plagi. Hewa ikivuja pembeni kwa nafasi kama ile, moto haupatikani. Ndiyo maana ulikuwa unazungusha mpaka mgongo unakuuma na moshi mweupe tu unatoka. Uliniambia ni uzee wako. Mjomba, haukuwa uzee wako wala wa mashine.

Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, nilipitisha ukucha, haukunasa popote. Gia hazina jino lililovunjika. Kilichokufa ni laina, pistoni, ringi na beringi za konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, na uzuri wa S195 ni kwamba laina yake inachomoka. Hakuna kupeleka bloku kuchongwa. Unatoa ya zamani, unaweka mpya, milimita 95 inarudi. Seti nzima niliipata Mbeya mjini kwa fedha ya magunia mawili ya mpunga. Chujio jipya nalo nikalinunua siku hiyo hiyo, kabla ya kitu kingine chochote.

Kosa nililifanya mwenyewe. Laina inakaa ndani ya maji, na kwa chini ina raba mbili za kuzuia maji yasishuke kwenye oili. Niliisukuma kavu. Ilikuwa jioni, nilitaka kumaliza. Raba moja ikakatwa na ukingo wa bloku bila mimi kujua. Nikafunga kila kitu, nikajaza maji, na asubuhi nilipochomoa kijiti cha oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilikaa pale chini muda mrefu. Kisha nikafungua upya, nikamwaga oili yote, nikasuuza kwa dizeli, nikaweka raba mpya nikiwa nimezipaka maji ya sabuni, laina ikateleza kwa mikono miwili bila kugongwa hata mara moja. Safari hii nilijaza maji nikayaacha usiku kucha kabla ya kufunga pistoni.

Valvu nilizisaga, nikapima nafasi zake injini ikiwa ya baridi: ya kuingizia hewa milimita 0.35, ya kutolea moshi 0.45. Alama za gia nilizihakikisha mara tatu.

Siku ya kuiwasha, mama alisimama mlangoni na kanga imefungwa kichwani. Nikatoa upepo kwenye paipu ya dizeli mpaka mapovu yakaisha, nikazungusha polepole hadi nozeli inayonyunyiza dizeli ikaanza kulia, kri, kri. Dole gumba nikaliweka upande mmoja na vidole vingine, ulivyonifundisha, ili hendeli ikirudi isilivunje. Mkono wa kushoto ukaachia kompresheni, wa kulia ukazungusha, mara ya tano nikairudisha. Ikashika. Ile alama nyekundu ya oili juu ikapanda, na moshi ukawa mweusi kidogo, halafu ukapotea kabisa. Mama akasema, "Ni sauti yake ile." Akaingia ndani, sikumfuata.

Nimeitembeza kwa mzigo mdogo tu kwanza, ringi zikae, kisha nikabadilisha oili. Chujio nalifungua kila jioni ikiwa imetoka barabarani. Jirani mwenye pawatila kama yako alikuja kuangalia, akaenda kufungua ya kwake. Kakuta bakuli la chujio limejaa udongo mkavu, lakini lipo. Laina yake bado nzima.

Mvua zikianza tutaanza kuchavanga. Jaruba la kule bondeni, lile lenye kona mbaya, mimi sijawahi kugeuza pawatila ndani yake, na wewe ndiye unayejua mahali tope linapozama. Mgongo wako upumzike, utakaa kwenye kingo tu na kunielekeza.

Halafu kuhusu hendeli. Nimeitafuta nyumba nzima. Mama anasema ulipohamia Makambako uliifunga kwenye gunia pamoja na nguo zako, na kwamba mpaka leo iko chini ya kitanda chako. Kama ni kweli, njoo nayo. Ya jirani nataka kuirudisha.

Mpwa wako.