Mgogoro wa mhusika uwe mezani, usibaki kwenye historia yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii nizungumze na wanaotunga visa vya michezo ya kuigiza mezani, ile ambayo wachezaji wanne au watano huketi na msimamizi, dadu na karatasi, kila mmoja akageuka mtu wa nchi ya majoka na wachawi. Tangu Dungeons & Dragons itoke Marekani mwaka 1974, kanuni za vita na uchawi zimeandikwa mpaka basi. Kinachoharibika hadi leo ni mhusika mwenye mgogoro wa nafsi, hasa katika visa vya usiku mmoja ambapo mchezaji hupewa mhusika aliyekwisha kutungwa.

Darasa la fasihi lilitufundisha kutofautisha mhusika bapa, mwenye upande mmoja tu, na mhusika duara, mwenye pande nyingi. Watungaji wengi hudhani kumfanya mtu awe duara ni kumrundikia majonzi: yatima, kijiji chake kimeteketezwa, mchumba kamsaliti. Hayo yote yamekwisha kupita. Mchezaji atayasimulia kwa dakika mbili, kisha atachomoa upanga kama wenzake. Mgogoro unaochezeka ni ule ambao haujaamuliwa bado: mambo mawili ambayo mhusika anayathamini yote, na ambayo hayawezi kutimia pamoja kabla watu hawajainuka mezani.

Tuchukue kisa cha msafara unaompelekea mfalme yai la joka. Mganga wa msafara anaitwa Nuru. Mtungaji mvivu ataandika: "Nuru ana huzuni, moyo wake umegawanyika kati ya wajibu na mapenzi." Mchezaji afanye nini na sentensi hiyo? Sasa soma hii: "Miaka mitatu iliyopita joka alimwopoa mwanao mtoni akiwa hai. Ulimwapia kwamba mayai yake hayataguswa kamwe. Mumeo yumo katika gereza la mfalme. Yai lisipofika kabla ya mwezi kuandama, atanyongwa. Mkuu wa msafara ni shemeji yako Tamasi, na hajui habari ya kiapo chako." Hakuna hisia hata moja iliyotajwa hapo, lakini mchezaji yeyote atazihisi mwenyewe.

Angalia pia kwamba Tamasi anavutwa na yai lilelile. Anayengoja kunyongwa ni ndugu yake wa tumbo moja, ila yeye amesikia kwamba mfalme anamtaka joka wa yai hilo ili achome vijiji vya milimani, na mama yao anaishi huko. Sasa shemeji hawa wawili hawawezi kuzungumza lolote juu ya safari bila kugusana vidonda. Huu ndio msingi wa kazi yote: mgogoro wa mmoja uguse angalau wenzake wawili waliopo mezani. Ukiuegemeza kwa mtu asiyekuwapo, tuseme baba aliyeko nchi ya mbali, msimamizi atalazimika kumwigiza baba huyo huku wachezaji wanne wakitazama tu.

Karatasi ya mhusika isizidi ukurasa mmoja; maneno 150 hadi 200 yanatosha, mbali na namba za kanuni. Mtwishe mhusika mgogoro mmoja tu. Ukimpa mitatu, mchezaji atachagua ulio mwepesi na kuisahau mingine.

Siri ndiyo inayoua visa vingi. Mchezaji akipewa siri ataitunza, kwa sababu anadhani kuitunza ndiyo ushindi, na mchezo unaisha ikiwa bado mfukoni. Dawa yake ni kumpa mtu mwingine nusu ya siri hiyo. Kibwe, mwizi wa msafara, alimwona Nuru usiku akizungumza na joka, ila hakusikia maneno. Pamoja na hilo, weka kitu kinachoshikika: gamba la joka katika mkoba wa dawa, mkoba ambao mtu atalazimika kuufungua siku atakapojeruhiwa.

Msaliti wa peke yake ni balaa jingine. Mmoja dhidi ya wanne hana pa kukimbilia: akigunduliwa katika saa ya pili atauawa, na mwenye karatasi ile atakaa bure saa mbili zilizobaki. Wagawe watu kwa namna ambayo kila upande una angalau wawili, na kila mmoja awe na sababu ya kutowaacha wenzake njiani. Katika kisa chetu sababu ni baridi ya mlima: yai hufa lisipopashwa moto na watu wawili kwa zamu, kwa hiyo hakuna anayeweza kutoroka nalo.

Mchezo wa saa nne upangiwe maamuzi matatu yanayopanda bei. Katika saa ya kwanza mlinzi wa daraja anauliza kilichomo sandukuni, na uongo wowote utapita. Katika saa ya pili na nusu yai linaanza kupasuka, na mlio wa mama yake unasikika bondeni. Uamuzi wa mwisho uanze dakika 40 kabla ya kufunga. Ukiuchelewesha, watu watarusha dadu harakaharaka ili wawahi kuondoka. Kama njia zote mbili ziko wazi na hakuna kinachosukuma, wachezaji watakuwa fisi wa njia panda, watajadiliana mpaka usiku uishe.

Wapo wanaopenda tabia zipimwe kwa namba. Mchezo uitwao Pendragon, wa Greg Stafford, wa mwaka 1985, huzipanga tabia katika jozi 13 zinazopingana, kila jozi jumla yake 20: huruma ikiwa 14, ukatili ni 6, na dadu ya pande 20 huweza kuamua mhusika aelekee wapi. Kwa mchezo wa miezi mingi ni mpango mzuri sana. Kwa usiku mmoja siupendekezi, maana uamuzi ambao mchezaji ameungojea jioni nzima haufai kuporwa na dadu.

Kabla ya kuanza, ulizeni ni mambo gani hayatakiwi mezani, na kubalianeni kama wahusika wanaruhusiwa kuumizana. Halafu ijaribu kila karatasi: wape watu wawili wasiocheza, uwaulize mhusika atafanya nini mwishoni. Wakijibu sawasawa bila kusita, upande mmoja ni mwepesi; uongezee uzito.

Mwisho, tia alama karatasi inayoweza kuondolewa mchezaji wa tano asipofika. Katika kisa hiki ni ya Kibwe. Nusu ya siri aliyokuwa nayo apewe mpagazi, na zamu za kulipasha yai zipangwe upya kwa watu wanne.

Mtungaji wa visa vya mezani