Flashi iko ndani ya soksi

Morogoro, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako ya kwenye simu niliisikia, ila mtandao ulikatika kabla sijaitikia. Marahaba, mama. Huku hatujambo. Mama yako anakusalimu na anauliza kama blanketi linatosha, ingawa nimemwambia Liwale si Mbeya.

Umenieleza mambo mawili: kwamba shule haina maabara, na kwamba bando la wiki lilikwisha kwa siku mbili ukitafuta video za umeme. La maabara halinishangazi. Nimefundisha Fizikia miaka ishirini na sita, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo saketi nilikuwa naichora kwa chaki: betri, swichi, balbu, na mishale ya kuonyesha mkondo unapopita. Watoto walikuwa wanainakili vizuri kweli. Ukiwauliza mkondo ni kitu gani, wanakujibu ni ile mishale.

La bando ndilo lililonifanya nikuandikie. Ulipokuwa chuo mlikuwa na WiFi, kwa hiyo ukisikia "bure" unafikiri ni bure kweli. Huko uliko, kila unapobonyeza unalipa. Kwa hiyo vifaa vya kufundishia vya mtandaoni uvipakue mara moja tu, ukiwa mahali penye mtandao mzuri, kisha uvitumie miaka na miaka bila kuigusa intaneti. Safari hii nimekupakulia mimi, nikaviweka kwenye flashi. Wiki nzima nimekuwa nabisha hodi ofisini kwa rafiki yangu mmoja mwenye WiFi, mpaka sekretari wake akaniuliza kama nimeajiriwa upya.

Anza na folda niliyoiandika SAKETI. Humo mna majaribio ya kufanyia kwenye kompyuta ya mradi wa PhET, wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kule Marekani. Aliyeanzisha mradi huo ni Carl Wieman, mwaka 2002, mwaka mmoja tu baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Kila jaribio ni faili moja. Unalibofya, linafunguka kwenye kivinjari kama ukurasa wa kawaida, na halikuulizi mtandao. Kwenye lile la saketi unaburuta betri, unaburuta waya, unaburuta balbu, unaviunganisha. Saketi ikifunga, vidoti vya elektroni vinaanza kutembea ndani ya waya na balbu inawaka. Ongeza volti, vinakimbia. Kata waya mahali popote, vyote vinasimama kwa mpigo, hata vile vya mbali na ulipokata. Hapo ndipo pale ambapo mishale yangu ya chaki haikuwahi kufika.

Sasa ondoa balbu, unganisha ncha za betri kwa waya mtupu. Betri inashika moto. Darasa litapiga kelele, waache. Wakitulia, waulize kwa nini imewaka, na usiwajibu. Nilijaribu hivyo mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, na kijana mmoja asiyewahi kunyoosha kidole akasema, "Mwalimu, hakuna wa kuuzuia." Alikuwa ameshauelewa ukinzani kabla sijaliandika neno lenyewe ubaoni.

Baadhi ya majaribio yao yametafsiriwa kwa Kiswahili, na nilipoyapata nimekuwekea yote mawili, la Kiswahili na la Kiingereza. Unajua mwenyewe watoto wetu wanavyotoka darasa la saba na Kiswahili chao, wakifika Form One wanakutana na "resistance" bila salamu. Waonyeshe kwanza kwa lugha wanayoijua, halafu fungua lilelile kwa Kiingereza cha mtihani. Kuna mkaguzi atakayekunja uso. Mwache akunje.

Folda ya pili ni ya NECTA, Baraza la Mitihani, na hii usiipite haraka kwa sababu haina picha. Kila mtu anatafuta mitihani ya nyuma. Wachache wanasoma zile ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo Baraza lenyewe linaziweka kwenye tovuti yake, bure. Wanachukua swali moja moja, wanaeleza wengi walikosea wapi, na wanaweka majibu yenyewe yalivyoandikwa kwa mkono, zuri na baya. Mimi nilizigundua nikiwa nimebakiza miaka michache kazini, na niliona aibu, maana makosa mengine nilikuwa nayafundisha mimi.

Vitabu vya kiada viko kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu. Hivyo utavisoma ukishuka mjini, penye mtandao.

Halafu kuna programu ya Kolibri. Hii inahitaji uvumilivu. Mwaka 2012 vijana wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walitengeneza KA Lite ili masomo ya bure ya video ya Khan Academy yafike pasipo na intaneti, na Kolibri ndiyo iliyokuja kuirithi. Unaiweka kwenye laptopu yako, unaipakia masomo unayotaka, kisha laptopu inakuwa kama mnara mdogo wa hapo shuleni. Vile vishikwambi vya sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu vinaunganishwa na laptopu yako kwa WiFi yake yenyewe, na vinafungua video na mazoezi bila hata senti ya bando. Inaongea Kiswahili kwenye vitufe vyake, ila video nilizokuwekea ni za Kiingereza. Zitazame zote kabla ya kuingia nazo darasani. Mwalimu wa Kimarekani atawaambia watoto wako kuwa umeme wa nyumbani ni volti 120, na kwetu ni 230. Usipomsahihisha, watakuja kubishana na fundi wa TANESCO.

Tena usiingie darasani na kitu ambacho hujakifungua mwenyewe, kwenye mashine hiyohiyo, siku hiyohiyo. Siku moja nilialika wadhibiti ubora waje waone ninavyofundisha kisasa. Projekta ikawaka, video ikagoma. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, na watoto sabini wakawa wanakihesabia mizunguko kwa sauti. Nilirudi kwenye chaki jasho likinitoka, na ripoti ikaandikwa "mwalimu alitumia mbinu ya kuhesabu".

Nimekuwekea pia Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia bila intaneti, pamoja na Wikipedia ya Kiswahili nzima. Ya Kiingereza nzima yenye picha inafika kama GB 100, flashi hii isingeibeba. Makala nyingine za Kiswahili ni fupi kama shairi la mtoto. Ukiona pungufu na una mtandao, ongeza, wanaruhusu mtu yeyote.

Mama yako amenilazimisha nitie na hadithi za African Storybook, eti utapata majirani wenye watoto. Yeye anazichapa, anazishona kwa uzi, na darasa lake la kwanza wanazigombania. Leseni yake ni ya Creative Commons, kwa hiyo kuchapa na kugawa ruksa, ila jina la mwandishi libaki palepale. Soma leseni ya kila kitu. Masomo ya Khan Academy, kwa mfano, ni kwa matumizi yasiyo ya biashara.

Hili la leseni lina historia. Nilipokuwa sijui, nilinunua CD kwenye steshenari moja, shilingi elfu thelathini, imeandikwa kwa kalamu nyekundu "VITABU ADIMU VYA SAYANSI". Nilikuja kukuta kila faili la ndani yake liko wazi mtandaoni kwa yeyote. Niliporudi kumuuliza muuzaji, aliniambia nimelipia CD, si vitabu. Sikupata la kumjibu. Wewe huko utaombwa na walimu wenzako uwanakilie. Wanakilie. Usitoze hata soda, lakini kila atakayenakili afungue faili moja mbele yako akuonyeshe analitumiaje, la sivyo flashi zitajaa na vipindi vitabaki vilevile.

Boksi limeondoka leo na basi. Juu kuna karanga na dagaa, chini kuna soksi zangu za kijivu, na flashi iko ndani ya ile ya kushoto. Ipitishe kwanza kwenye antivairasi, maana ile kompyuta ya ofisini kwa rafiki yangu siiamini. Namba ya risiti nitakutumia kwa meseji. Ukishalipokea, nibipu.

Baba yako