Robusta ni ya Kongo, si ya Java

Bwana Mhariri,

Katika makala yenu ya juma lililopita, mwandishi alieleza vizuri jinsi kahawa ilivyovuka bahari kutoka Ethiopia hadi Yemen, ambako masufi wa karne ya 15 waliinywa ili wakeshe katika ibada, na jinsi gavana wa Makka alivyoipiga marufuku mwaka 1511. Hayo sina ugomvi nayo. Alipofika kwenye robusta, moja ya aina kuu mbili za kahawa, hata hivyo, aliiita "mmea wa Java", na hapo ndipo ninapoomba nafasi ya kumsahihisha.

Robusta ni mti wa misitu ya Afrika, nayo Kongo imo. Mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ya majani ulizuka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, ukayaangamiza mashamba ya arabika, ile aina kuu nyingine ya kahawa, kisha ukafika Java, kisiwa cha Indonesia ya leo. Mkulima wa Kabare, jirani na Bukavu hapa, hahitaji kuelezwa: ukigeuza jani unakuta vumbi la rangi ya chungwa linalobaki kwenye kidole, na majani yakishapukutika mti hauna nguvu ya kuzaa. Waholanzi waliokuwa wakitawala Java walitafuta mti wa kustahimili kutu hiyo, wakaupata kwetu. Mbegu zilizokusanywa Kongo na mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji, Émile Laurent, ziliishia Brussels katika bustani ya biashara ya akina Linden, ambao ndio walioutangaza mti huo kwa jina la robusta, na mnamo 1900 hivi miche yake ikapelekwa Java. Java, basi, ni mlezi tu. (Wahaya wa Bukoba, kwa upande wao, walikuwa wakizichemsha buni za robusta na kuzitafuna kabla Mzungu yeyote hajaupa mti huo jina.)

Hata arabika tunayoilima kandokando ya Ziwa Kivu ina damu hiyo. Wataalamu wa vinasaba wamebaini kwamba ilizaliwa kwa mchanganyiko wa robusta na eugenioides, kahawa ya mwituni yenye majani membamba, ambayo nayo huota katika nyanda za juu za mashariki mwa Kongo.

Mwezi uliopita, katika hoteli moja hapa Bukavu, niliagiza kahawa nikaletewa kikombe cha maji ya moto na kijipakiti cha unga wa kukoroga, uliotengenezwa ng'ambo. Unga wa namna hiyo kwa sehemu kubwa hutokana na robusta, kwa hiyo pengine nilikunywa mjukuu wa mti wetu aliyezunguka dunia na kurudi. Nilimwuliza kijana aliyenihudumia kama hawana kahawa ya Idjwi, kisiwa ambacho siku ya anga safi tunakiona kutoka ufukoni. Akanijibu kwa upole: "Ile ni ya kuuza inje, papa."

Msomaji wenu,
Ibanda, Bukavu