Barua kwa mwanangu: Idi ya mikono mitupu

Amu, Lamu, usiku wa kuamkia mwezi ishirini na mbili Ramadhani

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, na nikisema sisi nakusudia mimi na punda. Mamako angali Malindi kwa dadako, na kwa hesabu ya arobaini hatoki kule mpaka katikati ya mfungo mosi. Picha za mtoto najua umeziona.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zangu huzishiki, na ukizishika wasema mtandao. Karatasi haina mtandao. Nampa kijana wa jirani anayepanda basi keshokutwa, na nimemwambia asiondoke mlangoni pako mpaka akuone waifungua.

Ni lile neno ulilomwambia mamako. Kwamba Idi hii huji, kazi imesimama, na huwezi kuingia Amu mikono mitupu. Kisha ukaongeza, kwa sauti yako mwenyewe, maana ameniletea ile sauti nami nimeisikiliza mara tatu: "Mwaka huu sina hata moja la kushukuru." La kazi sawa. Hoteli ikikosa wageni hupunguza watu, na aliyeingia mwisho ndiye hutolewa mwanzo. Hilo si aibu yako wala halikuninyima usingizi. Hilo la "hata moja" ndilo lililoninyima.

Nani aliyekufundisha kwamba Idi huja mikononi? Labda ni mimi. Tuliache kwanza.

Tangu mamako aondoke nimejifunza jambo ambalo mtu wa umri wangu alipaswa awe keshalijua. Maji mtaani kwetu siku hizi hayaji mchana. Yaja usiku, saa nane, saa tisa, yakipenda, na hayakai. Kwanza bomba hukohoa. Halafu hutoa pumzi ndefu kama mtu aliyepaliwa, halafu matone ya rangi ya kutu, halafu ndipo maji. Ukilisikia likikohoa uondoke mbio: uchomeke mpira, uupeleke kwenye birika, uyapange madumu ya kunywa kando, kwa sababu mamako hataki maji ya kunywa yapite birikani. Usiku wa kwanza sikusikia kitu. Nikaamka kwa daku birika kavu, nikala tende mbili na maziwa yaliyokuwako. Usiku wa pili nilisikia, nikadhani ni paka. Wa tatu nikaketi uani na tochi, nikangoja. Hata sasa nangoja, ndiyo maana barua imepata nafasi.

Miaka ishirini na sita, mwanangu. Nimeoga, nimetawadha, nimekunywa, na sikuuliza hata siku moja birika lajazwa na nani. Nilidhani lajaa lenyewe, kama bahari ijaavyo.

Na maji yenyewe yatoka Shela, chini ya yale matuta mliyokuwa mkiyateleza. Mvua hunywewa na mchanga, ikakaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni nyepesi, na visima huivuta kutoka hapo. Wakivuta kwa pupa chumvi hupanda. Ndiyo maana wazee hupiga kelele wakiona majumba yajengwa matutani. Haya yote nilikuwa nayajua, niliyajua kama mtu ajuavyo jina la mfalme wa nchi ya mbali. Sasa adhana ya magharibi ikilia, lile funda la kwanza nalishika mdomoni kidogo kabla ya kulimeza.

Nikuambie na jingine. Nilikuwa natoka msikitini, vidole vingali na hesabu ya alhamdulillahi thelathini na tatu, naingia ndani, naonja mchuzi, nasema: "Chumvi." Neno moja hilo. Si kwamba nilikuwa namsingizia, mara nyingine ilizidi kweli. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu. Nimeisikia hadithi hii darsani tangu sijaota ndevu, na kila nikiisikia nilikuwa namfikiria mtu mwingine.

Juzi nikampigia mamako nikamwambia ahsante kwa maji. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Una homa?"

Sasa wewe. Sikwambii ushukuru kwa kupoteza kazi, na yeyote akikwambia kila lililokupata ni zuri mwache aende zake. Limekuuma, liache liume. Lakini huyo mwenzako mliye naye chumbani, aliyelipa kodi peke yake mwezi wa pili sasa, umemwambia ahsante? Dadako ndiye aliyenambia, si wewe. Wale wanaotandika mikeka msikitini na kugawa futari, ambao najua unakula kwao kwa sababu hela ya kupika huna, unawajua hata kwa sura? Au unakula ukiinamisha kichwa, ukainuka, ukaenda zako kulala na huzuni yako? Nauliza kwa sababu nakujua. Ulianza kunifanana tangu ungali mdogo, na watu walidhani ni pua tu.

Ulipopata kazi ile nilitembea kutoka Langoni mpaka Mkomani na hakuna baraza nililopita bila kusimama. Mwanangu yuko Nairobi, mwanangu avaa tai. Pengine nilisema sana. Pengine ndiyo sababu leo waona huwezi kupita mbele ya mabaraza yale yale. Na ule mshahara wako wa kwanza uliotengeneza paa la jikoni, nikwambie: masika yote ya mwaka jana, hata tone moja halikuangukia jiko. Mamako alipika mvua ikinyesha na hakusogeza sufuria. Nililiona hilo, nikakaa kimya. Ahsante.

Ile Idi ya viatu, ambayo sikufika nyumbani, sina haja ya kukukumbusha, wewe na dadako mwaisimulia mpaka leo. Nataka kusahihisha mahali pamoja tu. Mamako aliwaambia Baba amekwamishwa na upepo. Ni kweli nilikuwa Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, na ni kweli kusi ilikuwa kali, ilikuwa Julai 2016. Kweli pia hatukuwa na kitu, kwa sababu amri ya serikali ya kutovua usiku ilikuwa ingalipo, na mvuvi wa usiku ukimkataza usiku ni sawa na kumnyang'anya mwokaji unga. Lakini ukipita ndani, njia ya Mkanda, maji yakiwa yamejaa, upepo hauna la kukufanya. Na boti za abiria za Faza, kisiwa kile kile, zilikuja Amu kila siku wiki ile. Wewe sasa ni mtu mzima, hesabu mwenyewe.

Niliswali Idi kwa watu, nikala biriani ya watu. Mamako ndiye aliyekaa mlangoni siku tatu akiwajibu wanaouliza. Hajaniuliza mpaka leo, wala mimi sijamwambia.

Kwa hiyo ukisema mtandao, mimi nasikia upepo.

Njoo, mwanangu. Usikope kwenye zile programu za simu ili uje na zawadi. Hilo nakukataza kabisa, nakukataza kama baba, na ukinificha nitajua. Hakuna anayengoja zawadi. Watoto wa mtaani wangoja mkono wa Idi, ndiyo, lakini watoto hao hata shilingi kumi waipokea kwa kelele kama elfu, na sarafu ninazo, nimezijaza kopo la maziwa. Utazigawa wewe. Utaketi barazani na kopo, nani atajua ni za nani?

Mambo ya nyumbani. Punda ameumia mguu wa nyuma, aliteleza pale penye mtaro. Nimempeleka hospitali ya punda pale mbele kwenye bahari, wamemsafisha na kumdunga sindano bila kunidai hata senti. Binadamu wa mji huu wangapi hupata hivyo? Wamesema asibebe mzigo wiki mbili. Basi punda amepumzika, nami nimekuwa punda. Dari ya chumba chako imeanguka chokaa kidogo upande wa dirisha, usishtuke. Mkate wa mofa nanunua, kwa sababu nilijaribu kuuoka na sitaki tulizungumze hilo. Mbaazi naweza sasa. Nazi ya kwanza na ya pili nilikuwa nazichanganya, Bibi wa mlango wa pili ndiye aliyenielekeza. Kila jioni akiniletea kibakuli cha kaimati huuliza, "Mwana yuwaya?" Namwambia inshallah. Jana aliniambia inshallah yangu imeanza kuchoka.

Mchele wa fitri nimeshanunua. Ya mamako nimempelekea mkwe aitoe huko huko Malindi, na kale kachanga, nimemkumbusha, nako kana pishi yake kamili, vibaba vinne kama mtu anayekula. Yangu nimeipima jana. Imebaki yako. Nilitaka kukutolea kimya kimya, nikamuuliza ustadhi, akasema wewe ni mtu mzima, siwezi kukutolea bila idhini yako. Basi naomba idhini. Tena akanieleza kwamba fitri hutolewa pale mtu alipokuchwewa na jua la siku ya mwisho. Sasa tazama, mchele wako uko Amu, umeshapimwa, uko kwenye mfuko mweupe juu ya kabati. Wewe mwenyewe jua likuchwee wapi?

Nauli nimekutumia jana kwa M-Pesa. Usiirudishe. Nimeuza ile mashine kongwe ya boti iliyokuwa chini ya ngazi, na usikasirike, ilikuwa yachukua nafasi na kunichafua kanzu kila nikipita. Shuka Malindi ulale usiku mmoja, umpakate mtoto, umpe mamako salamu zangu na umtazame vizuri kama anapumzika, maana kwenye simu atasema anapumzika. Ana mzigo wangu: makopo mawili ya achari ya maembe, halua, na kanzu yangu ya Idi aliyoichukua kuitengeneza shingo. Yote utayabeba wewe. Ukishuka gatini na mzigo huo mikono yako haitakuwa na nafasi hata ya kumpa mtu salamu, seuze kuwa mitupu.

Siku ya Idi nimealikwa nyumba tatu. Sijajibu hata moja.

Basi la kutoka Malindi panda la alfajiri ili ufike Mokowe na jua, na usikubali boti iliyojaza kupita kiasi hata kama watu wote wanaingia. Ukifika Mokowe nipigie, nikungoje gatini. Ukiona sishiki nipo msikitini. Mimi si wa mtandao.

Hilo bomba limekohoa. Kalamu naiacha, sijasema habari ya kodi ya kisima wala ya binamu yako, tutazungumza ukija. Idhini ya mchele nitumie kwa ujumbe, neno moja tu latosha, na ulitume kabla ya kijana huyu hajaondoka mlangoni pako.

Babako